Besi Fupi Si ya Watoto

Kuna maneno nayasikia sana kwa wapiga besi hapa Kampala, makanisani, kwenye bendi za harusi, mpaka kwa wauzaji dukani, eti besi fupi, yaani gitaa la besi lenye uzi mfupi, ni ya mtoto anayejifunza na mtu mzima lazima ashike ndefu. Mi sikubali kabisa. Maneno hayo yanaharibu vijana, mtoto ana hamu ya kupiga, anapewa gitaa ambalo vidole vyake havifiki, mkono unauma, mwisho anaacha besi anahamia kinanda, halafu kila kwaya inalia haina mpiga besi.

Naongelea zile zenye sura ya zamani, ya miaka ya sitini, rangi ya kijani ya bahari, kibao cheupe mbele, vifundo viwili tu, sauti na toni, basi. Uzi wake unaopigika ni wa inchi 30 hivi, wakati besi ya kawaida ni inchi 34, kipimo ambacho Fender, kampuni ya gitaa ya Marekani, walikitoa na besi yao ya Precision mwaka 1951 na karibu dunia nzima ikafuata. Unaweza ukasema inchi 4 ni nini, lakini shika uone. Kwenye ndefu, toka kwa ule mfupa wa juu ya shingo mpaka freti ya kwanza ni milimita 48 na kitu, kwenye fupi ni kama 43. Sasa wewe piga nyimbo za kusifu pale chini karibu na kichwa cha gitaa, wimbo unaingia kwa wimbo, kiongozi hataki kunyamaza, na watu wako juu wanaruka, mkono wa kushoto wenyewe utakwambia hizo milimita 5 ni nyingi au kidogo.

Hayo mambo ya watoto yana pa kuanzia, sikatai. Fender walipoleta Mustang Bass mwaka 1966, gitaa zao za jina hilo zilikuwa zinalenga wanafunzi. Lakini Paul McCartney alinunua Höfner yake ya mtindo wa fidla kule Hamburg mwaka 1961, kwa pauni 30 hivi, na ni fupi, na hiyo ndiyo iko kwenye rekodi za kwanza za Beatles. Ikaibiwa mwaka 1972, watu wakaitafuta miaka na miaka, mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imerudi kwa mwenyewe. Jack Bruce wa bendi ya Cream alikuwa na besi ya Gibson EB-3, fupi. Tina Weymouth wa bendi ya Talking Heads alipiga Mustang. Hao nao tuwaite watoto?

Lakini mi hata sipendi besi fupi kwa sababu ya Wazungu, napenda kwa sababu ya sauti. Uzi uleule ukifungwa kwenye fupi kwa noti ileile unakuwa haujakazwa sana, mvutano unashuka kama asilimia 22, kwa hiyo uzi unalegea chini ya kidole na sauti inatoka nene, ya mviringo, inaanza na "dum" halafu inatulia, haina ule mlio wa chuma juu yake. Na mtu aliyekulia West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, sauti hiyo anaijua tangu zamani. Adungu, kile kinubi cha Waalur. Nenda Nebbi, nenda Pakwach, sikiliza kwaya ya Waalur, adungu ndogo zinachezacheza juu, na ile kubwa kabisa inakaa chini, ngozi imewambwa juu ya mti, mpigaji anavuta uzi mnene na unausikia kifuani kabla hujausikia masikioni. Ile ndiyo besi yetu. Mi nikifunga nyuzi laini, zile zisizo na mikwaruzo, kwenye besi fupi, nikapiga kwa dole gumba huku kiganja kimegusa nyuzi kidogo karibu na briji, napata karibu sauti ileile, na hakuna besi ndefu iliyowahi kunipa hiyo hata nizungushe vifundo namna gani. Hata kwa nyimbo za kadongo kamu za Waganda, pale maneno ndiyo yanabeba wimbo, hiyo besi inakaa chini kwa heshima na haigombani na mwimbaji.

Sasa kwa sebene nitasema ukweli, chukua ndefu. Ule upigaji wa Kikongo besi inaongea sana, inarukaruka, kila noti lazima ikatike safi, na uzi mnene wa E kwenye fupi unayumba ukiupiga kwa nguvu. Kuna watu wanaweza, mi naona unapigana na gitaa bure.

Na fundi wa mitambo aambiwe mapema. Kanisa la mabati, spika kubwa mbili, halafu besi yenye sauti ya mviringo, kama mikisa imeachwa vile ilivyo utapata ngurumo tu hakuna noti. Mwombe apunguze pale kwenye hezi 200 mpaka 250, na asiongeze chini, chini ipo ya kutosha.

Kinachosumbua kweli ni nyuzi. Nyingi madukani ni za besi ndefu, na ukifunga ya ndefu kwenye fupi ile sehemu nene inafika mpaka kwenye kigingi, inakataa kujikunja vizuri, zile laini ndizo zinaharibika haraka. Usiende na jina la gitaa tu, nenda na kipimo, chukua futi upime toka pale kichwa cha uzi kinapokaa mpaka kwenye ule mfupa wa juu. Mustang nyingi za mtindo wa zamani uzi unapita ndani ya mwili kwa nyuma, kwa hiyo inataka uzi mrefu zaidi ya fupi nyingine, hapo ndipo watu wanapoteza hela.

Halafu usinunue rangi. Najua inavutia, hata mimi ile kijani inanimaliza, lakini ivae kwa mkanda kwanza usimame wima na uachie mikono yote miwili, kama kichwa cha gitaa kinashuka chini basi utakuwa unaibeba kwa mkono wa kushoto ibada nzima. Piga kila freti ya uzi wa E polepole, sikiliza kama kuna mahali uzi unagonga freti. Zungusha vifundo ikiwa imechomekwa, kama vinakwaruza mwambie muuzaji apunguze bei au avisafishe palepale. Na duka ambalo halikuruhusu kuchomeka kwenye ampu, toka, nenda lingine.