Jiko la nyumbani likizoni: lipande garini au libaki?

Desemba ikifika, simama alfajiri Stendi ya Magufuli pale Mbezi utazame mizigo inavyoingia kwenye buti za mabasi ya Moshi, Tanga na Njombe. Katikati ya mabegi na viroba vya zawadi utaona boksi la blenda, birika la umeme, sufuria ya umeme ya wali iliyofungwa khanga isikwaruzike, na safari nyingine hata mtungi wa gesi wa kilo 6 uliositiriwa kwa gunia. Bandarini, kwenye boti za Unguja, ni hivyohivyo. Watu wanakwenda likizo na jiko lao.

Wako wanaouita mtindo huu ushamba. Likizo, wanasema, ni kulipa jiko kisogo. Wengine wanajibu kwamba hayo ni maneno ya mtu asiyelipia chakula cha watoto wanne. Nimewahi kuwa upande huu na nimewahi kuwa upande ule. Kadiri ninavyosafiri na familia ndivyo ninavyoona kwamba kabla ya kubishania blenda tungeulizana kwanza tunakwenda kulala chini ya paa la nani, umeme wake ukoje, na ni mkono wa nani utakaoshika mwiko tukifika.

Niuweke kando mtungi wa gesi, maana hapo sioni pande mbili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, kwenye buti au chini ya viti, ikisubiri cheche. Kwenye ndege haipokelewi kabisa. Kwenye basi lililojaa watu, anayeuficha mtungi ndani ya gunia amewaamulia wenzake hatari wasiyoijua. Huko uendako mitungi ipo, azima au nunua.

Vifaa vya umeme ndivyo vyenye mjadala, na hoja ya kwanza ni pesa. Familia ya watu sita ikila mgahawani mara mbili kwa siku, kwa siku tano, hizo ni sahani 60, kabla hujahesabu chai ya asubuhi na juisi ambayo kila mtoto anataka ya kwake. Mgahawa wa ufukweni, uwe Nungwi au Diani, umepanga bei zake ukimtazama mgeni aliyetoka Ulaya. Baba na mama wanaolipwa mshahara wa Dar es Salaam au Nairobi wakipiga hesabu hiyo, wengi huahirisha safari. Kwa hiyo mara nyingi atakayeshindwa kupika huko hatakula hotelini. Atabaki nyumbani. Anayemcheka mwenzake kwa kubeba sufuria aikumbuke hesabu hiyo.

Kisha kuna afya. Mtoto wa miezi minane anataka mtori uliosagwa laini, tena kwa wakati wake. Mzazi mwenye kisukari anataka kujua kilichotiwa kwenye mchuzi. Mtoto anayedhurika na karanga haweleweki vizuri jikoni kwa watu, maana mwiko uliokoroga mchuzi wa karanga ndio huohuo utakaokoroga mchicha wake. Kwa familia kama hizo blenda au sufuria ya kwao si anasa hata kidogo, na mimi nisingewauliza swali la pili.

Sasa umeme wenyewe, jambo ambalo watu hulipita haraka nami nililipita hadi siku nilipoogopa. Birika la kawaida la umeme hula wati 2,000. Kwenye umeme wetu wa volti 230 hiyo ni karibu ampea 9. Plagi yetu ya pini tatu bapa, tuliyoirithi kwa Waingereza, ina fyuzi ndani yake, na kubwa kabisa ni ya ampea 13, yaani kama wati 3,000. Weka birika na jiko la presha la wati 1,000 kwenye ekstensheni moja, umeshaufikia ukingo. Na zile ekstensheni za bei poa zina waya mwembamba, pengine hazina fyuzi yoyote.

Mwaka juzi tulipanga nyumba Jambiani, Unguja. Jikoni palikuwa na soketi moja tu, nasi tukachomeka birika na jiko la presha kwa ekstensheni tuliyokuja nayo. Nilisikia harufu ya plastiki kabla sijaona moshi. Waya ulikuwa umelegea kama tambi na kubabua kona ya kabati. Nyumba nyingi za Pwani zimeezekwa makuti, na moto ukishika makuti hausubiri ndoo ya maji. Tangu siku ile nawaelewa wenye nyumba wanaobandika ukutani tangazo la kukataza kupika chumbani. Hawamnyimi mgeni raha. Wanalinda paa, na chini ya paa hilo wamelala pia wageni wengine.

Unguja ina funzo jingine. Umeme wake huvuka bahari kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya maji hadi Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kama mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena kwa miezi mitatu hivi, na aliyekuwa na seredani na gunia la mkaa ndiye aliyepika bila wasiwasi. Waya mpya uliowashwa 2013 umeipunguza shida hiyo, lakini kukatika kwa saa chache bado ni jambo la kawaida kote kwetu. Mwenye kutegemea sufuria ya umeme peke yake huenda akalala na watoto wenye njaa. Kambi nyingi za hifadhini nazo hutegemea sola na betri. Kifaa chochote cha kuzalisha joto, hata birika dogo, huzimaliza betri hizo au kuzima mfumo wote, ndiyo maana wahudumu hukikataa mlangoni.

Ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Marekani wana tahadhari yao. Umeme wa huko ni volti 120, na adapta wanayonunua uwanja wa ndege hubadilisha umbo la pini tu, volti haizigusi. Birika la Marekani likichomekwa Tanzania hupata nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na huungua ndani ya muda mfupi. La kwetu likipelekwa huko hupata kama robo ya nguvu yake, ukae unangoja chai hadi usahau kama uliitaka. Chaja za simu na kompyuta nyingi zinakubali volti zote. Vifaa vya jikoni ni nadra. Soma kibandiko chini ya kifaa kabla hujafunga begi.

Kuna mahali ambapo mimi natetea kubeba bila kusita, napo ni nyanda za juu. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda mlima, takriban digrii moja hupungua kwa kila mita 300. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 93 hivi. Mtu wa Pwani akipika maharage yake kule kwa saa alizozizoea, yanabaki yanagonga kama kokoto, na kuni au mkaa unateketea bure. Jiko la presha hulimaliza tatizo hilo kwa sababu mvuke uliofungiwa hupandisha joto kupita lile la maji ya wazi. Chungu cha maharage kwenye jiko la presha la umeme hakimalizi uniti moja, nayo uniti Tanzania Bara haifiki shilingi 400 kwa mtumiaji wa kawaida. Serikali imejiwekea mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Kwa maoni yangu, shangazi anayeona maharage yakiiva mbele ya macho yake bila moshi ameelimika kuliko aliyesikiliza hotuba kumi. Wapo wanaorudi mjini bila jiko hilo, wamemwachia mwenyeji, na naona ndiyo zawadi bora ya Krismasi au Idi kwa nyumba yenye umeme.

Lakini nyumbani kwa mtu kuna adabu yake. Safari yangu ya kwanza ukweni Pangani, nilifungua begi nikatoa blenda ili nisage nazi ya wali. Mama mkwe wangu alikuwa ameshatandika mkeka uani, ameweka mbuzi, kifumbu na nazi tano zilizofuliwa. Hakusema neno. Aliinua ile mbuzi, akairudisha ukutani inapotundikwa. Mchana tulikula wali mzuri, na hakuna aliyeongea sana. Kesho yake asubuhi nilimwomba mbuzi yake na kumuuliza anavyokuna asifikie kifuu. Tukakaa pale uani hadi jua likakaza, ananisimulia watoto wake wakiwa wadogo. Blenda ilisalia ndani ya begi, na hadi leo haijarudi Pangani. Sisemi kwamba kila mwenyeji atahuzunika. Wapo watakaoipokea mashine kwa shangwe. Nasema tu mtu apige simu kabla, aulize, kwa sababu kwa wazee wetu wengi kufika na jiko lako ni kama kusema hutaki chakula chao.

Hoja moja dhidi ya kubeba huwa nasikia hasa kwa watu wa utalii: anayekuja na jiko lake haiachii senti jamii iliyompokea. Nimeipima hoja hii na sikubaliani nayo yote. Tulipokuwa Jambiani tulinunua changu na pweza kwa mvuvi aliyekuwa bado amelowa, mihogo na ndizi kwa mama wa jirani, na chapati kwa binti aliyepita na beseni kila asubuhi. Pesa hiyo iliingia mikononi mwao moja kwa moja. Mgeni anayekula kila mlo hotelini huenda akawa anakula samaki aliyepita mikono mitatu. Hoja hiyo ina nguvu pale tu mtu anapobeba na mchele, na mafuta, na vitunguu, na maji ya kunywa, akafika akafunga geti. Huyo kweli ameihamisha Dar es Salaam kwa siku tano.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma zaidi. Katika ile hesabu ya sahani 60, wanaotetea kubeba husema tumeokoa fedha, na ni kweli zimeokolewa. Ila sahani hizo 60 kuna mtu alizipika, akaziosha, akaamka kabla ya wote kuchemsha maziwa, akaiona bahari kupitia dirisha la jikoni. Katika nyumba nyingi ninazozijua mtu huyo ni mama, au dada wa kazi aliyeletwa likizo ambayo kwake si likizo. Mume wangu alizoea kusema tumefaidi kweli Jambiani. Nilipomuuliza mimi niliogelea mara ngapi, alinyamaza akihesabu, kisha akaomba radhi. Niliogelea mara mbili.

Wanaosema likizo ni kulipa jiko kisogo wana haki juu ya jambo hili, ingawa dawa yao ya hotelini haiko ndani ya uwezo wetu. Familia yenye zamu inaweza kubeba jiko na mama akapumzika. Isiyo na zamu, hata sufuria ijizime yenyewe, mama atarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Mwezi ujao tunakwenda Lushoto. Nimemuuliza mwenye nyumba idadi ya soketi za jikoni, akanitumia picha: ziko tatu, kila moja ukutani peke yake. Jiko la presha litapanda garini, blenda na birika vitabaki. Maharage ya Ijumaa ni ya mume wangu, Jumamosi wanapika wavulana wawili wakubwa, na Jumapili tunakula sokoni.