Mchango wa mwajiri uandikwe kwenye andiko la mradi

Vyuo vya umma vya Dodoma na vyuo vikuu vya umma vya huku Iowa, Marekani, vinafungua mwaka wa fedha siku moja, tarehe 1 Julai. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, nimesoma hapo hapo mpaka digrii ya kwanza, na sasa kazi yangu ni kuwaandalia bajeti wahadhiri wa chuo kikuu kimoja cha huku wanapoomba fedha za utafiti. Katika kila bajeti kuna mstari ambao mhadhiri haruhusiwi kuugusa, hata awe profesa anayeogopwa na chuo kizima: gharama za mafao ya kila mtu atakayelipwa mshahara na mradi. Nyumbani mstari huo mara nyingi haupo kabisa, na anayeumia ni kijana wa mkataba.

Nieleze kwanza huku inavyokwenda, maana wengi wakisikia "mafao Marekani" wanadhani ni hisani ya matajiri. Mshahara ni sehemu tu ya gharama ya mtu. Juu yake mwajiri analipa asilimia 7.65 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na Medicare, ile bima ya afya ya wazee. Anabeba sehemu kubwa ya bima ya afya ya mfanyakazi, anachangia pensheni, analipia fidia ya ajali kazini, na vyuo vingi vinapunguza au kusamehe ada ya mfanyakazi anayesoma. Sasa, vyuo vingi havimpigii hesabu mtu mmoja mmoja. Vinachukua gharama zote za mafao za kundi zima, tuseme wahadhiri, vinazigawa kwa jumla ya mishahara ya kundi hilo, na kupata asilimia moja. Chukua mfano: mishahara ya wahadhiri ni dola milioni 200 na mafao yao ni dola milioni 60. Kiwango ni asilimia 30. Watumishi wengine wana kiwango chao, na wanafunzi wanaofanya kazi chuoni wana chao kidogo zaidi.

Viwango hivyo havitangazwi na mkuu wa chuo kwa kujisikia. Vinapelekwa serikali ya shirikisho, kwa vyuo vingi Wizara ya Afya, kwa vingine Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Majini, ambako hesabu zinachambuliwa na makubaliano kusainiwa. Kisha vinawekwa hadharani. Mshahara wa mradi ukitoka dola 100, dola 30 nyingine zinatoka papo hapo kwenda mfuko wa mafao. Mfuko ukikusanya kuliko ulivyotumia, kiwango cha miaka inayofuata kinashushwa kufidia, ukipungukiwa, kinapandishwa. Hakuna mwanya wa mtu kula tofauti.

Kuna faida moja ambayo ilinichukua muda kuiona. Bima ya afya ya familia inayotolewa na waajiri huku ni zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka kwa wastani. Kama kila mradi ungelipa gharama halisi ya mtu wake, mtafiti mkuu angekuwa na sababu ya kumkwepa mama wa watoto wanne na kumchukua kijana asiye na familia. Kwa kuwa kiwango ni kimoja, mama na kijana wanaugharimu mradi asilimia ile ile. Haki imewekwa ndani ya hesabu zenyewe, haisubiri huruma ya bosi.

Nikitazama nyumbani sasa, ninaumia kwa sababu sheria yetu si mbaya. Kwa mambo mengi ni nzuri kuliko ya huku. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 5 kwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mwajiri anaongeza asilimia 15, mara tatu ya mchango wake. Kwa walio NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi hasa, jumla ni asilimia 20, na kwa kawaida mwajiri anabeba nusu. NHIF, mfuko wa bima ya afya, mtumishi asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri peke yake, nusu ya asilimia moja. Mwanamke akijifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004. Huku, sheria ya nchi nzima ya mwaka 1993 inampa mzazi wiki 12 bila senti moja, tena kama mwajiri ana wafanyakazi wa kutosha na yeye ametimiza masharti. Nimewaona wenzangu wakirudi kazini na kichanga cha wiki chache kwa sababu akiba imekwisha. Na wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa somo, wapo wengi tu wanaofundisha bila bima ya afya. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani huku ni peponi.

Ila kile kidogo ambacho sheria au mkataba umeahidi, bajeti inakifuata. Kwetu sheria imeahidi zaidi, na bajeti ya mradi inajifanya haijasikia.

Mdogo wangu amefanya kazi miaka kadhaa kwenye miradi ya utafiti ya chuo kimoja pale Dodoma. Lishe ya watoto, mtama na uwele, mambo ya maana kwa mkoa wetu. Alikuwa anaripoti ofisini saa moja na nusu asubuhi, ana bosi, ana meza, anaomba ruhusa akitaka kwenda msibani. Kwa maneno mengine ni mfanyakazi. Lakini karatasi zake za malipo alizonitumia picha kwa WhatsApp zinasema jambo jingine. Juu imeandikwa "malipo ya ushauri", chini yake kodi ya zuio asilimia 5, halafu sahihi ya mhasibu na sahihi yake. Hakuna mchango wa pensheni, hakuna bima. Kwenye makaratasi alikuwa mshauri mwelekezi, binti wa miaka ishirini na kitu anayepanda pikipiki kwenda vijijini Bahi kupima uzito wa watoto.

Pikipiki ilianguka kwenye mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, akavunjika mguu. Hiyo ni ajali ya kazini waziwazi, na WCF ipo kwa ajili hiyo hasa: matibabu, na fidia ya kipato kwa muda ambao hawezi kufanya kazi. Lakini kwa mwajiri wake yeye hakuwa mfanyakazi, jina lake halikuwepo kwenye mchango wowote, na hakuna aliyepeleka taarifa ya ajali. Familia tulichanga. Shangazi aliuza mbuzi. Mradi ulimtumia ujumbe wa pole na mwezi uliofuata haukumlipa, kwa kuwa hakwenda uwandani.

Alipouliza, aliambiwa neno ambalo vijana wa miradi wote wanalijua: "Mfadhili hakubali." Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu bajeti za namna hiyo ndizo ninazozishika kila siku.

Kwa fedha za serikali ya Marekani, kanuni zinasema gharama za mafao zinakubalika alimradi ni za kiasi cha haki na zinatakiwa na sheria, au na mkataba wa ajira, au na sera iliyowekwa ya taasisi. Someni tena hapo: zinatakiwa na sheria. Sheria ya Tanzania inazitaka. Chuo hakihitaji kuomba upendeleo wowote, kinahitaji kuandika asilimia yake na kutaja sheria inayoidai. Wahasibu wengi wanachanganya hili na ile asilimia ya uendeshaji wa chuo, ya umeme, maji na ofisi za utawala, ambayo kweli wafadhili wanaibana na taasisi za nje ya Marekani hupata kidogo. Hiyo ni kapu jingine. Mafao ya mtu yanatembea na mshahara wake, kwenye gharama za moja kwa moja za mradi. Mtafiti mkuu asipoyaandika, mfadhili hatayakumbuka kwa niaba yake.

Na kiasi chenyewe? Tumchukue mtu wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mtumishi wa umma. PSSSF upande wa mwajiri 150,000. NHIF 30,000. WCF 5,000. Jumla 185,000, yaani asilimia 18.5. Kwa mradi wa miaka mitatu ni shilingi 6,660,000. Wekeni kiasi hicho karibu na mstari wa warsha katika bajeti hiyo hiyo: ukumbi wa hoteli, posho ya kujikimu, mafuta ya gari, chai ya saa nne na vitafunwa. Nimesoma maandiko kutoka nyumbani yenye warsha tatu kwa mwaka na hayana shilingi moja ya pensheni. Kwa hiyo hoja ya kwamba fedha hazitoshi siikubali. Fedha zimepangiwa kwingine, na watu wazima waliosoma ndio waliozipanga.

Sababu ya mazoea haya naifahamu. Mtumishi aliye kwenye ikama analipwa na Hazina, na mchango wake wa mwajiri unatoka huko huko. Mkuu wa idara hauoni kamwe, hausaini, haumuumi. Kwa hiyo anapoandika mradi anawaza "mshahara" kama kile kinachoingia mfukoni mwa mtu. Hata Serikali yenyewe iliwahi kuchelewa kuulipa mfuko wa PSSSF mpaka deni likafikia hatua ya kutolewa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 mwaka 2021. Gharama isiyoonekana ndiyo inayoahirishwa kwanza, iwe Hazina au chumba cha mhasibu wa mradi.

Miaka hii nchi nzima imebishana juu ya kikokotoo, yaani sehemu ya pensheni anayopewa mstaafu kwa mkupuo, asilimia 33, asilimia 40, na mjadala huo ni halali kabisa, wazazi wetu walimu wameumizwa nao. Lakini kijana wa mradi hana hata cha kukokotoa. Amefanya kazi miaka mitano, kwenye mfuko ana sifuri. Na miradi inazidi kumiminika Dodoma tangu Serikali ihamie, wizara zipo Mtumba, vyuo vipo, NHIF na PSSSF zenyewe zina makao makuu hapo mjini. Unaweza kutoka ofisi ya mradi usiolipa michango ukafika ofisi ya mfuko kwa bajaji.

Ninachokiomba kinawezekana bila sheria mpya. Baraza la chuo lipitishe kiwango cha mchango wa mwajiri kwa watumishi wa miradi, kiandikwe kwenye sera ya fedha na kitolewe hadharani, cha mkataba wa mwaka mmoja na kuendelea kivyake, cha muda mfupi kivyake. Ofisi ya utafiti isigonge muhuri andiko lolote lenye mshahara lisilo na kiwango hicho. Na mtu anayekuja kazini kila asubuhi chini ya bosi asiitwe mshauri. Mtaniambia watachukuliwa wakusanya takwimu watano badala ya sita. Sawa. Wachukuliwe watano wenye bima.

Nanyi wadogo zangu mnaoitwa kwenye usaili huko Makulu na Ng'ong'ona, kabla hamjasaini ulizeni swali moja kwa adabu: mchango wangu utapelekwa mfuko upi, na kuanzia mwezi gani? Mkijibiwa kwamba mfadhili hakubali, ombeni kuonyeshwa bajeti iliyopelekwa kwa huyo mfadhili, ukurasa wa mishahara.