Je, asteroidi ya 2024 YR4 ilitutisha bure?

Kwa takriban wiki nne, kuanzia mwishoni mwa Januari 2025, asteroidi, yaani mwamba wa angani unaolizunguka Jua, iliyopewa jina la 2024 YR4 ilitawala vichwa vya habari duniani. Ilipotangazwa kwamba haitaigonga Dunia, watu wengi walihitimisha kuwa wanaastronomia walikuwa wamekosea, kisha wakajirekebisha kimyakimya. Hitimisho hilo linarudiwa hata na watu makini, na limezaa pendekezo zito kuliko malalamiko yenyewe: kwamba makadirio ya aina hii yasiwekwe hadharani mpaka yatakapokomaa. Pendekezo hilo lina hoja zake na zinastahili kusikilizwa, lakini naona limesimama juu ya kutoelewa kilichotokea katika wiki zile nne.

Asteroidi hiyo iligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na kituo cha mfumo wa darubini wa ATLAS kilichoko Chile, siku mbili baada ya kupita karibu na Dunia. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza ya kuonekana kwake ilikuwa tayari inakwenda zake, ikizidi kufifia kila usiku. Hesabu za awali zilionyesha kwamba ingerudi jirani na Dunia tarehe 22 Desemba 2032, na kwamba kugongana hakungeweza kukanushwa. Uwezekano ulipovuka asilimia 1, Mtandao wa Kimataifa wa Tahadhari ya Asteroidi ulitoa taarifa rasmi tarehe 29 Januari, kama kanuni zake zinavyoutaka. Tarehe 18 Februari makadirio ya Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, yalifika asilimia 3.1, kiwango ambacho hakijawahi kurekodiwa kwa asteroidi ya ukubwa huo au zaidi. Siku iliyofuata yalishuka hadi asilimia 1.5, tarehe 20 yakawa asilimia 0.28, na tarehe 24 yakabaki asilimia 0.004.

Msomaji aliyeziona namba hizo zikipita kwenye simu yake alikuwa na haki ya kushangaa. Namba iliyopanda kwa wiki tatu ikaporomoka ndani ya siku sita inafanana sana na namba ya mtu asiyejua anachokisema. Ukweli ni kinyume chake, na inafaa tukae hapa kidogo, kwa sababu mjadala mzima unategemea jambo hili moja.

Asteroidi inapokuwa imeangaliwa kwa wiki chache tu, mahali itakapokuwa miaka minane baadaye hapajulikani kama nukta. Panajulikana kama ukanda mrefu angani, na asteroidi inaweza kuwa popote ndani yake. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ukanda huo una urefu wa kilomita 1,000,000, na kwamba Dunia, yenye kipenyo cha kilomita 12,742, imo ndani yake. Dunia inachukua takriban asilimia 1.3 ya ukanda huo. Vipimo vipya vinapokuja, ukanda unafupishwa hadi, tuseme, kilomita 400,000. Ikiwa Dunia bado imo ndani, sasa inachukua karibu asilimia 3.2, ingawa asteroidi haijabadili njia yake hata kidogo. Vipimo vikiboreka tena, ukingo wa ukanda unaipita Dunia na kuiacha nje, na hapo namba inaanguka ghafla kuelekea sifuri. Hesabu halisi ni tata kuliko hizi, kwa kuwa sehemu za ukanda hazina uzito sawa, lakini mwenendo ni huohuo. Kupanda na kuporomoka kulitokana na chanzo kimoja, nacho ni kuongezeka kwa ujuzi.

Tena, hapakuwa na siku hata moja ambapo makadirio yalisema kwamba asteroidi itatugonga. Siku ile ya asilimia 3.1, namba hiyohiyo ilikuwa inasema kwamba kuna asilimia 96.9 ya kupita salama, na huo ndio upande uliothibitika. Hata kipimo cha Torino, kinachotumika tangu mwaka 1999 kupanga hatari za asteroidi kuanzia 0 hadi 10, kinaeleza katika maelezo ya daraja la 3, ambalo 2024 YR4 ilipewa, kwamba yumkini uangalizi zaidi wa darubini utairudisha asteroidi kwenye daraja la 0. Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, nalo lilieleza mapema kwamba makadirio ya namna hii mara nyingi hupanda kwanza kabla ya kushuka. Mtu anayetabiri kwamba namba yake itapanda kisha ishuke, na ikafanya hivyo, hawezi kusemwa kwamba amebadili kauli.

Wanaotaka subira, hata hivyo, hawakuanza jana. Tarehe 11 Machi 1998 Brian Marsden, aliyekuwa akiongoza Kituo cha Sayari Ndogo huko Marekani, kinachokusanya vipimo vya asteroidi, alitangaza kwamba asteroidi ya 1997 XF11 ingepita karibu mno na Dunia mwaka 2028, na kwamba kugongana kulikuwa jambo linalowezekana. Siku iliyofuata picha za zamani za mwaka 1990 zilipatikana, hesabu zikarudiwa, na ikabainika kwamba ingepita mbali, zaidi ya mara mbili ya umbali wa Mwezi. Fedheha ile iliwauma wanaastronomia, na kutokana nayo walikubaliana kuhakiki hesabu zao kwa pamoja kabla ya kutangaza. Funzo hilo lilikuwa la haki. Lakini lilihusu hesabu ambazo hazikuwa zimehakikiwa, ilhali zile za 2024 YR4 zilikuwa zikikokotolewa na vituo vya Marekani na Ulaya, kila kimoja kwa njia yake, na matokeo yao yalikaribiana.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotaka subira ni ile ya uchovu. Darubini mpya zinazidi kuwa na uwezo, na Kituo cha Vera Rubin nchini Chile, kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, kinatarajiwa kugundua asteroidi nyingi kuliko zote zilizojulikana kabla yake. Matukio ya asilimia 1 au 2 yatakuja tena, na karibu yote yataishia sifuri. Watu wakishazoea kutahadharishwa na kusahau, siku itakapokuja namba isiyoshuka hawatasikiliza. Kuna pia suala la nani anabebeshwa hofu. Ukanda wa hatari wa 2024 YR4 ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika Kusini, Atlantiki, Afrika na Bahari ya Arabuni hadi Asia ya Kusini, na miongoni mwa nchi zilizotajwa zilikuwemo Nigeria, Sudan na Ethiopia. Kumtajia mwananchi wa Sudan, aliye katikati ya vita, kwamba nchi yake imo kwenye ramani ya asteroidi, bila kumpa mtu wa kumfafanulia, ni kumwongezea mzigo pasipo kumpa msaada wowote.

Haya yote nayakubali. Ninachokikataa ni dawa inayopendekezwa. Vipimo vya asteroidi kutoka pande zote za dunia hukusanywa na Kituo cha Sayari Ndogo na kuwekwa wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kukokotoa njia yake. NASA na ESA zingenyamaza, namba ingetolewa na wengine, bila maelezo na bila mtu wa kuwajibika. Isitoshe, ni uwazi huo uliowezesha namba kushuka. Ni kwa sababu hatari ilikuwa imetangazwa ndipo darubini kubwa zilipoacha kazi nyingine na kuielekea asteroidi iliyokuwa inafifia, na darubini ya anga za juu ya James Webb ikatengewa muda wa kuipima. Mwishoni mwa Machi darubini hiyo ilionyesha kwamba kipenyo chake ni kama meta 60. Ingesubiriwa mpaka makadirio yakomae, nafasi ya kuyakomaza ingepita, kwa kuwa kufikia katikati ya mwaka asteroidi ilikuwa imekwenda mbali mno kuonekana kutoka duniani.

Meta 60 si kitu cha kupuuzwa. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la meta 20 hivi lililipuka angani karibu na mji wa Chelyabinsk, Urusi, bila mtu yeyote kuliona likija, kwa sababu lilitokea upande wa Jua. Watu takriban 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo. Mwanga mkali ulipita kwanza, watu wakakimbilia madirishani kutazama, na zaidi ya dakika moja baadaye wimbi la mshtuko likafika na kuvunja vioo vilivyokuwa mbele ya nyuso zao. Sentensi moja iliyosikika mapema, ya kuwaambia wakae mbali na madirisha, ingeokoa macho na damu nyingi. Asteroidi ya 2024 YR4 ina kipenyo mara tatu ya jiwe lile, yaani ujazo mara 27.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulitafakari hili. Wimbi la tsunami la tarehe 26 Desemba 2004 lilichukua takriban saa saba kutoka Sumatra hadi Somalia, na karibu watu 300 walikufa huko. Tanzania nayo ilipoteza watu. Nchini Kenya, ambako watu waliondolewa fukweni kabla maji hayajafika, aliripotiwa kufa mmoja. Mpinzani atasema kwamba tsunami ile ilikuwa jambo la hakika, si la asilimia 3, na atakuwa sahihi. Lakini kilichokosekana siku ile hakikuwa hakika. Walikuwepo waliojua kwamba tetemeko kubwa limetokea baharini, na hapakuwa na njia iliyoandaliwa ya kuupeleka ujuzi huo kwa mvuvi wa Somalia. Njia kama hiyo haijengwi siku ya hatari. Hujengwa kwa kutumika mara nyingi, hata kwa taarifa zinazoishia kwenye sifuri.

Siku moja baada ya tsunami hiyo, asteroidi ya Apophis ilikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 2.7 wa kuigonga Dunia mwaka 2029, nao ukaondolewa siku hiyohiyo picha za zamani zilipopatikana. Mwaka 2021 vipimo vya rada viliiwezesha NASA kutangaza kwamba Apophis haitatugonga kwa angalau miaka 100. Hata hivyo, tarehe 13 Aprili 2029 itapita takriban kilomita 32,000 tu juu ya uso wa Dunia, na itaonekana Afrika kwa macho matupu. Namba zake zote ziko wazi tangu sasa. Kazi iliyobaki ni ya taasisi zetu za anga, mamlaka za maafa na vyumba vya habari: kuzieleza kwa Kiswahili, pamoja na sababu ya namba hizo kupanda na kushuka, kabla video za kutisha hazijaanza kusambazwa.