Tabu ya Watolai si mtaji uliolala

Watolai wa rasi ya Gazelle, katika kisiwa cha New Britain, Papua New Guinea, wana pesa mbili: kina ya serikali, na tabu, magamba ya konokono wadogo wa baharini yaliyotungwa kwenye utepe wa henzirani. (Jina lisikuchanganye na taabu zetu. Kikuanua, lugha ya Watolai, ni ya Kiaustronesia, na neno hili ni ndugu wa tapu ya Kipolinesia, yaani mwiko.) Wapo wanaotaka tabu iwekewe bei rasmi kwa kina. Wana hoja: mama asiye na mshahara, ila ana pima kumi za tabu ndani, angelipa karo bila kumbembeleza mtu.

Tatizo ni kuiona tabu kama sarafu iliyochelewa kustaafu. Kila gamba huvunjwa mgongo, moja moja, ndipo litungwe. Utepe ukiwa mnene gamba hupasuka; ukiwa mwembamba magamba hulegea na kipimo kinadanganya. Kipimo chenyewe ni pokono, mikono miwili iliyonyooshwa, pima yetu hasa. Pokono nyingi zikiungwa huviringishwa kuwa loloi, gurudumu lililofungwa kwa majani, likawekwa miaka.

Mkosoaji huuita huo mtaji uliolala. Umelala, lakini siku yake ya kuamka inajulikana: mwenyewe akifa, loloi hukatwa hadharani na vipande kugawiwa waliofika msibani. Tajiri anaondoka na heshima. Gurudumu linabaki mikononi mwa watu.

Sasa weka bei rasmi. Mwenye mshahara Port Moresby, mji mkuu, atanunua kwa mchana mmoja kile ambacho shangazi yake ametunga kwa miaka, na msiba utakuwa mnada. Tumeshaona simbi, yaani kauri zilizotumika kama pesa: karne ya 19 wafanyabiashara walizisomba kutoka Zanzibar kwenda Afrika Magharibi mpaka thamani ikaporomoka, na Buganda limebaki jina tu, ensimbi, pesa. Tabu imeponea kwenye ile kazi ya mikono. Hata Wajerumani, watawala wa kisiwa hicho wakati huo, walipowakataza Wazungu kuitumia katika biashara mwaka 1902 kwa sababu wanunuzi wa nazi walikuwa wakihangaika kuitafuta, waliitoa kwenye biashara ya mbata tu. Misibani haikutoka.

Kama serikali inataka kumsaidia yule mama, ipokee ushuru wake kwa pokono, kisha iwauzie tabu hiyo wenye msiba wa vijiji hivyo hivyo, kwa bei wanayopatana sokoni wiki hiyo.