Shilingi 6,000 kwa kila mtoto, na shule bado hazilingani

Mzazi akiombwa mchango wa mlinzi au wa kudurufu mitihani katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, anajibu kwamba elimu ni bure. Ana haki ya kujibu hivyo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akawakataza walimu kushika fedha za mchango wa aina yoyote. Lakini mwalimu mkuu anayeomba mchango huo mara nyingi hana hila. Ana hesabu ambayo haifungi, na kosa limo ndani ya fomula anayopewa.

Fomula yenyewe ni fupi. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi. Maana yake, mtoto mmoja anailetea shule yake shilingi 500 kwa mwezi. Hizo ndizo zinunue chaki na shajala, zirekebishe kitasa na dirisha, zilipie mitihani ya ndani, zinunue mpira na kuendesha ofisi.

Kiwango hiki si kipya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM wa 2002, ulipanga dola 10 za Marekani kwa kila mtoto, wakati dola moja ikikaribia shilingi 1,000. Leo dola 10 zinakaribia shilingi 25,000. Karatasi, rangi na mabati vimepanda bei, tarakimu imebaki pale pale. Hilo peke yake lingetosha kuidai serikali iongeze. Ila hata ikiongeza mara mbili, jambo linalonikera zaidi litabaki: fedha hugawanywa kichwa kwa kichwa, kana kwamba gharama zote za shule hupanda na kushuka kwa idadi ya watoto.

Chukua shule mbili. Moja ipo mjini, ina wanafunzi 1,800. Inapata shilingi 900,000 kwa mwezi. Nyingine ipo kijiji cha ndani, ina wanafunzi 180, inapata 90,000. Zote zina madarasa saba na darasa la awali. Zote zinatunga mtihani wa muhula kwa kila somo na kila darasa, na kazi ya kutunga na kuchapa nakala mama ni ile ile, watoto wawe 20 au 200. Kinachoongezeka ni karatasi za kudurufu. Zote zinahitaji mlinzi. Zote zina watia saini wanaosafiri kwenda benki, na wa kijijini nauli ya bodaboda peke yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya fungu la mwezi. FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule na vituo vya huduma, unataka taarifa za fedha ziingizwe, na pasipo umeme wala mtandao mhasibu wa shule, ambaye ni mwalimu wa darasa, anaacha vipindi na kupanda pikipiki hadi makao makuu ya halmashauri.

Kipimo kingine ni posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, iliyoanza kulipwa 2016 kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Sina ugomvi nayo, kazi ile ni nzito. Lakini shule yenye wanafunzi 400 inapata ruzuku ya 200,000 kwa mwezi. Posho ya mtu mmoja inalingana na fedha zote za kuendeshea shule ya watoto 400.

Pengo hujazwa na michango, na hapo ndipo usawa unapovunjika. Shule ya mjini ikikosa kidogo, wazazi 1,800 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa hiari zinapatikana milioni 1.8. Kijijini watoto 180 wakitoa kiasi hicho hicho ni 180,000, na wanaotoa ni wakulima wanaosubiri mavuno. Maskini anaombwa zaidi na anapata kidogo.

Kuna wanaosema ruzuku ni fedha ndogo, tusipoteze muda nayo. Wana ukweli nusu. Fedha kubwa ya elimu hutembea na mishahara. Kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000 kwa mwezi, yaani mwalimu hagharimu chini ya milioni 6 kwa mwaka. Kwa uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, shule ya watoto 400 inastahili walimu 9. Ikiwa na 4, inakosa huduma ya angalau milioni 30 kwa mwaka, zaidi ya mara 12 ya ruzuku yake yote. Na ndani ya halmashauri hiyo hiyo utakuta shule iliyo kando ya lami ina walimu wa kutosha na ziada. Mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo (EP4R), uliotoa fedha za elimu kwa kutimiza malengo, uliwahi kuzizawadia halmashauri zilizosawazisha walimu wake, na wazo lile lilikuwa sahihi. Kinacholiharibu ni uhamisho: mwalimu anapangiwa ndani, hakuna nyumba, hakuna maji, anatafuta sababu ya kuondoka, na akiondoka hakuna anayekuja. Uhamisho wa kubadilishana unalinda idadi, mradi anayeingia awe wa ngazi na masomo yale yale. Shule iliyo chini ya nusu ya ikama yake, yaani idadi ya walimu inayostahili, isitoe mwalimu mpaka mbadala awe ameripoti kazini, isipokuwa kwa ugonjwa.

Kwa upande wa ruzuku, pendekezo langu ni kiasi cha msingi kwa kila shule kabla ya kuhesabu vichwa. Tuseme shilingi 100,000 kwa mwezi, 1,200,000 kwa mwaka. Shule za msingi za serikali zinazidi 17,000, hivyo gharama ni bilioni 20 na ushei. Mikopo ya elimu ya juu imeshapita bilioni 700 kwa mwaka. Siombi ipunguzwe hata shilingi. Nataka tu tuone kwamba bilioni 20 kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la saba si ndoto. Juu ya msingi huo ije shilingi kwa kichwa, kisha nyongeza kwa mtoto mwenye ulemavu, maana karatasi ya nukta nundu haipatikani kwa shilingi 500. Afrika Kusini hupanga shule katika makundi matano kwa umaskini wa eneo, na zilizo maskini hupata zaidi kwa kila mtoto. Kenya bado inahesabu kichwa kwa kichwa, na shule zake ndogo za kutwa zinabanwa vilevile.

Kiasi cha msingi kina mtego wake. Mijini shule iliyofurika hugawanywa mbili ndani ya uzio mmoja, na kila moja ingedai fungu lake. Kwa hiyo kihesabiwe kwa eneo, si kwa namba ya usajili. Shule shikizi, tawi lililo mbali na shule iliyosajiliwa, ipewe nusu, kwa sababu tayari ina gharama zake na shule mama iko mbali. Ndiyo maana ilianzishwa.

Wakati tunasubiri, kamati ya shule ina la kufanya. Chukua idadi ya wanafunzi iliyopelekwa kwenye takwimu za mwaka, zidisha kwa 6,000, gawa kwa 12, linganisha na taarifa ya benki ya kila mwezi. Zikipishana, chanzo cha kwanza cha kuangalia ni takwimu zenyewe: watoto waliohamia au kuandikishwa baada ya takwimu kufungwa hawamo. Andikeni barua kwa afisa elimu msingi mkiambatisha rejista, na nakala ibandikwe ubaoni ambapo mzazi anaweza kuisoma.

Muda nao ni mfupi. Chini ya sera mpya ya elimu, inayofanya shule ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikondo miwili ya watoto kwa mara moja. Sekondari za kata zitakazowapokea nazo hupewa ruzuku kwa kichwa, shilingi 25,000 kwa mwaka, na takwimu za mwaka uliotangulia hazitakuwa na majina yao. Fedha za miezi ile ya mwanzo zihesabiwe kwa orodha ya waliochaguliwa, na uamuzi huo uwe umeandikwa katika mwongozo wa bajeti kabla 2027 haijaisha.