Pete Rose: rekodi za mchezaji, kesi ya meneja

Mei 13, 2025, kamishna wa besiboli Marekani, Rob Manfred, alimwondoa Pete Rose kwenye orodha ya waliofungiwa maisha. Alifungiwa mwaka 1989 kwa kubeti mechi za timu yake mwenyewe alipokuwa meneja. Rose alikuwa ameshafariki Septemba 30, 2024. Hoja ya kamishna ni kwamba marehemu hawezi tena kuuharibu mchezo. Sasa ubishi umehamia Cooperstown, mji wenye Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa besiboli: aingie humo au asiingie?

Wanaomtetea hawabahatishi. Mapigo halali 4,256, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kituoni salama; kwenye ligi kuu ya Marekani hakuna aliyewahi kuyafikia. Rekodi ya Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza kwa mapigo kabla yake, aliivunja Septemba 11, 1985, mbele ya watu wa kwao Cincinnati, akiwa na miaka 44, mchezaji na papo hapo meneja wa Reds, timu ya mji huo. Hata alipopewa kituo cha kwanza cha bure, ambacho wenzake hukiendea wakitembea, yeye alikikimbilia.

Utetezi usioniingia akilini ni huu: eti alibeti Reds washinde, si wafungwe, basi kosa liko wapi? Liko kwenye kiti cha meneja. Meneja ndiye anayeamua mrushaji gani wa mpira aingie, lini, na nani apumzishwe bega, maana msimu una mechi 162. Mwenye mkeka wa leo atamrusha uwanjani mtu aliyetakiwa kupumzika. Ya kesho yatajulikana kesho. Na siku asipobeti, wacheza kamari wanaopokea pesa zake wameshajua anavyoiona mechi ile.

Adhabu ya 1989 aliisaini mwenyewe, kisha akakana kwamba alibeti besiboli hadi 2004. Miaka 15 ya uongo, na yote kwa hiari yake.

Wengine husema ligi leo ina mikataba na kampuni za kubeti, kwa hiyo ni unafiki. Nusu kweli. Shabiki anaruhusiwa, aliye ndani ya timu bado haruhusiwi, na mchezaji Tucupita Marcano alifungiwa maisha mwaka 2024 kwa kosa hilohilo.

Kumgawa Rose vipande viwili, mchezaji wa kusifiwa na meneja wa kulaumiwa, nako kuna kasoro: mwaka 2015 runinga ya michezo ya ESPN ilionyesha kumbukumbu za kubeti kwake mwaka 1986, alipokuwa bado anacheza. Ila kufikia hapo rekodi ya Cobb ilishavunjwa, na sehemu kubwa ya mapigo yale ni ya miaka ya 60 na 70. Mimi ningempa kura, kwa sharti kwamba kibao chake humo ukumbini kitaje kufungiwa kwa 1989 na sababu yake. Kamati inayohusika itakutana Desemba 2027, na anahitaji kura 12 kati ya 16.