Kisanduku kipokee barua pepe, kipokee na jina la mtumiaji

Mama hakuwa amesahau nenosiri lake. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe aliamini amelisahau. Tulikuwa tumekaa pamoja, simu iko mkononi mwake, anataka kufungua akaunti yake asome majibu ya vipimo. Kisanduku cha kwanza kilisema "Jina la mtumiaji". Akaandika barua pepe yake, herufi moja moja, akisoma kila aliyoiandika kabla ya kwenda kwa inayofuata. Akaweka nenosiri. Ukatokea mstari mwekundu: jina la mtumiaji au nenosiri si sahihi. Akarudia polepole zaidi. Mara ya tatu akaliacha nenosiri lenyewe, akajaribu la zamani. Mara ya tano akaunti ikafungwa kwa nusu saa.

"Mwanangu," akaniambia, "kichwa changu siku hizi hakishiki kitu."

"Hapana, mama. Kichwa chako kizima."

Nikaingia kwenye barua pepe zake, nikatafuta ule ujumbe wa kumkaribisha aliotumiwa alipojisajili. Jina la mtumiaji lilikuwamo: jina lake, kisha tarakimu tatu. Hakuzichagua yeye. Siku anajisajili, jina lake lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine, mfumo ukampendekezea hilo lenye tarakimu, naye akakubali ili mambo yaendelee. Miaka ikapita, na mfumo uleule ukamtaka alikumbuke jina uliompa wenyewe. Barua pepe yake waliijua vizuri tu, maana ndiyo waliyokuwa wakimwandikia kila mwezi. Imekaa kwenye hifadhidata yao, safu moja na lile jina la tarakimu tatu. Ila alipoiandika kwenye kisanduku, hawakuitazama.

Mimi hutengeneza mifumo ya namna hii, na kilichoniuma ni kwamba hata mimi nimewahi kujenga mlango kama ule. Sikuwa na sababu ya maana. Jedwali la watumiaji lilikuwa na sehemu ya jina, nikalitafuta jina, nikaendelea na kazi nyingine.

Msimamo wangu leo ni kwamba kisanduku cha kwanza kipokee chochote kati ya hivyo viwili, na juu yake paandikwe waziwazi: "Barua pepe au jina la mtumiaji". Kujua kilichoandikwa ni kipi kati ya hivyo ni kazi ya mashine, na ni kazi ndogo. WordPress, programu ya kutengeneza tovuti iliyoanza mwaka 2003, ilidai jina la mtumiaji peke yake hadi toleo la 4.5 lilipotoka Aprili 2016. Tangu hapo barua pepe nayo inafungua mlango.

Wapo wanaosema tufute majina kabisa, tubaki na barua pepe. Nawaelewa, lakini barua pepe si mali ya kudumu. Mtu huacha kazi, anwani ya ofisini ikafungwa siku hiyohiyo. Mwanafunzi humaliza chuo. Na mbaya zaidi, anwani inaweza kuhamia kwa mtu mwingine. Juni 2013 Yahoo walitangaza kwamba anwani ambazo hazijatumiwa kwa miezi 12 zitaachiwa watu wengine wazichukue. Hebu fikiria akaunti zote zilizofungwa kwa ufunguo huo. Mwaka uliofuata wahandisi wa Yahoo na Facebook waliandika kanuni ya RFC 7293 (RFC ni nyaraka za kanuni za mtandao), inayomwezesha mtumaji kusema: ujumbe huu mpe mwenye anwani hii ikiwa tu ameimiliki tangu tarehe fulani. Kanuni nzima ililazimika kuandikwa kwa sababu anwani hubadilisha wamiliki. Kwa hiyo jina la mtumiaji libaki. Siku barua pepe ikipotea, ndilo litakalomwingiza mtu ndani akabadilishe anwani.

Kuna hoja ya usalama pia: eti unamwongezea mwizi mlango wa pili. Sikubaliani nayo. Jina la mtumiaji halijawahi kuwa siri, huonekana kwenye kila kitu mtu anachokiandika. Barua pepe nayo mtu huigawa kwa watu kila siku. Siri ni nenosiri, na kwenye mifumo makini kuna hatua ya pili ya uthibitisho juu yake. Pamoja na hayo, hoja hiyo ina punje ya ukweli. Ukihesabu majaribio yaliyoshindwa kwa kufuata maandishi yaliyoingizwa, anayebahatisha atapata nafasi tano kwa jina na tano nyingine kwa barua pepe, wakati akaunti ni ileile. Hesabu kwa akaunti. Ujumbe wa kukataa nao uwe mmoja kwa makosa yote, usije ukamwambia mgeni kwamba barua pepe fulani imesajiliwa kwako. Hata muda wa kujibu husema. Ikiwa akaunti isiyokuwepo inakataliwa papo hapo, na iliyopo inakawia kidogo kwa sababu nenosiri linahakikiwa, anayepima kwa saa ameshapata jibu lake.

Hatari halisi iko kwingine, na hapa ndipo ningependa wenzangu watulie. Iko kwenye alama ya @.

Django, mfumo wa kujengea tovuti unaotumiwa na watengenezaji wengi, unaruhusu alama hiyo ndani ya jina la mtumiaji kwa mpangilio wake wa kawaida. Maana yake mtu anaweza kujisajili, na mahali pa jina akaandika barua pepe yako, herufi kwa herufi. Kabla ya kuunganisha milango miwili hilo halina madhara makubwa. Ukishaunganisha, andishi moja linaelekea kwenye akaunti mbili. Kama msimbo wako unatazama majina kwanza, wewe mwenye barua pepe utaandika anwani yako, utapelekwa kwenye akaunti ya yule mtu, na nenosiri lako litakataliwa hata ulirudie mara mia. Utakuwa umekaa pale alipokaa mama. Dawa ni kupiga marufuku @ ndani ya majina tangu siku ya kwanza. Na kwa mfumo ambao tayari una watu, kagua kabla ya kufungua.

Jambo la pili ni kulinganisha maandishi. Kanuni ya RFC 5321 ya mwaka 2008 inasema sehemu iliyo kabla ya @ inaweza kutofautisha herufi kubwa na ndogo, ila jina la kikoa, yaani sehemu iliyo baada ya @, halitofautishi. Katika matumizi ya kila siku karibu hakuna anayetofautisha, na simu nyingi hupandisha herufi ya kwanza bila kuulizwa. Basi linganisha bila kujali ukubwa wa herufi, lakini fanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 2013 Spotify, huduma ya kusikiliza muziki, walikiri kwamba mtu angeweza kujisajili kwa jina ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ, lililoandikwa kwa herufi za pekee, kisha akateka akaunti ya bigbird. Sehemu ya programu inayosawazisha herufi, yaani kuzigeuza ziwe za kawaida, ilitoa jibu moja jina lilipopitishwa mara ya kwanza, na jibu jingine lilipopitishwa tena. Desemba 2019 Django nao walilazimika kuziba tundu linalofanana na hilo kwenye kurejesha nenosiri: barua pepe tofauti iliweza kuonekana sawa na ya mwenye akaunti baada ya herufi kubadilishwa, na kiungo cha kurejesha kikaenda kwa mgeni. Tangu marekebisho yale, kiungo hutumwa kwenye anwani iliyohifadhiwa, si ile iliyoandikwa kwenye kisanduku. Hata kama hutumii Django, fuata hilo.

Yaliyobaki ni madogo, lakini ndiyo yanayomchosha mtu. Ukitangaza kisanduku kuwa cha barua pepe, kivinjari kitadai @ na kumkataa mwenye jina, kwa hiyo kiwe cha maandishi ya kawaida. Zima kupandisha herufi. Futa nafasi tupu mwishoni, maana kibodi ya simu huiongeza yenyewe mtu akigusa neno lililopendekezwa, na hakuna jicho linaloiona. Na ukurasa wa kurejesha nenosiri nao upokee vyote viwili. Ule wa mama ulitaka jina la mtumiaji, kitu kilekile ambacho hakuwa nacho.

Nilipobadilisha mfumo ninaousimamia, msimbo wenyewe ulikwisha asubuhi moja. Ukaguzi ndio ulionichukua siku. Nilitafuta majina yote yenye @ nikakuta machache, na karibu yote yalikuwa barua pepe za wenyewe, watu walioandika anwani sehemu zote mbili kwa kutojua wajaze nini. Moja tu lilikuwa barua pepe ya akaunti nyingine. Nikadhani nimekamata mwizi. Kumbe ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili: ya kwanza ilikuwa imemfungia nje, hakujua jina lake la mtumiaji, akafungua ya pili na safari hii akaweka barua pepe yake mahali pa jina ili asije akalisahau tena. Nikamwandikia, nikangoja jibu lake siku mbili, nikaziunganisha akaunti zake kuwa moja, ndipo nikafungua mlango wa pili.